Daftari la Sheha: Hotuba kwa Kamati za Maafa za Shehia, Pemba

Hotuba hii ilitolewa Chake Chake mbele ya masheha (viongozi wa shehia, ngazi ya chini ya utawala Zanzibar), wajumbe wa kamati za maafa za shehia, mabwana diko (wasimamizi wa madiko, pwani wanakoshukia wavuvi) na walimu. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu wa visiwa vidogo ambao siku ile upepo wa kusi haukuwaruhusu kuvuka.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, ndugu zangu wa kamati, mabwana diko, walimu wenzangu, na nyinyi mama zangu mliokaa huko nyuma, sogeeni mbele, viti vipo. Hamjambo?

Wenzangu waliotangulia wameshaeleza sheria. Wameeleza Sheria Namba 1 ya mwaka 2015 iliyounda Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar, na jinsi kamati zinavyoshuka kutoka taifa hadi mkoa, wilaya, mpaka kwenye shehia. Sitayarudia hayo. Mimi ni mwalimu mstaafu na katibu wa kamati ya shehia. Nimekuja na daftari hili mnaloliona mkononi, na maneno yangu yote leo yatakuwa juu ya daftari kama hili.

Sisi ni watu wa kisiwa. Moto ukiwaka mahali pa bara, gari la wilaya jirani linakuja kwa barabara. Kwetu sisi, Unguja ni bahari, Tanga ni bahari. Msaada utakuja, lakini utasubiri upepo, utasubiri boti, utasubiri kukuche. Saa za mwanzo za maafa ni zetu peke yetu. Na katika saa hizo swali la kwanza ni moja: nani yupo? Nani yupo ndani ya nyumba, nani yupo baharini, nani yupo karibu na ufunguo? Mpango wowote usioweza kujibu swali hilo kabla ya siku ya msiba, siku ya msiba utatusaidia kuandika ripoti tu.

Nianze na lile ambalo kila mmoja wetu humu analo moyoni.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011. Idd el Fitri ilikuwa imepita kiasi cha siku kumi. MV Spice Islander I ikang'oa nanga Unguja kuja kwetu, imejaa watu na mizigo. Meli ile ilikuwa na ruhusa ya kuchukua watu mia sita na ushei. Tume ya uchunguzi ilikuja kutwambia baadaye kuwa ndani yake walikuwamo zaidi ya 2,000. Mnaujua mkondo wa Nungwi. Mnaujua mchana, wacha usiku. Meli ikalala ubavu, ikazama.

Waliookolewa walikutwa wanaelea juu ya magodoro, juu ya chochote kilichokubali kubaki juu ya maji. Wavuvi na boti za wazamiaji wa watalii wa upande wa Nungwi walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuwafikia. Hao hawakuwa na kikao. Hawakuwa na barua. Walikuwapo karibu. Wapiga mbizi waliletwa kutoka Afrika Kusini, na kina cha bahari na ukali wa mkondo vikawashinda kuifikia meli.

Miili iliyopatikana ilikuwa zaidi ya 200. Waliopotea, kwa hesabu ya tume, walipita 1,300. Tizameni namba hizo mbili. Hiyo ya pili ni watu ambao bahari haikuwarudisha, na ambao karatasi ya meli haikuweza kutwambia walikuwa nani.

Asubuhi ile bibi mmoja, jirani yangu, alikuja kwangu kabla jua halijapanda. Ameshika kipande cha karatasi kilichochanwa katika daftari la skuli. Mjukuu wake alimwandikia majina manne kwa penseli: binti yake, mkwewe, na watoto wao wawili. Akaniambia, "Mwalimu, wewe unajua kusoma, nenda kaangalie kama wamo."

Wamo wapi, ndugu zangu? Nikaangalie wapi? Nilikwenda bandarini na kile kikaratasi. Tulikuwa wengi kule, kila mtu na chake. Wengine wameandika kiganjani. Tulikuwa tunaulizana sisi kwa sisi, raia kwa raia, kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kuulizwa. Nilirudi jioni na majina yale yale manne, sikuweza kumwambia bibi yule ndiyo, sikuweza kumwambia hapana.

Na wale watoto wawili walikuwa wa kubebwa. Hawakukatiwa tiketi. Kwa hiyo kwenye karatasi hawakupanda. Na kama hawakupanda, basi kwenye karatasi hawakuzama. Nataka mlikumbuke hilo kila mtakaposikia mtu anasema kuhesabu abiria ni kazi ya makarani. Mtoto anayepakatwa ni mtu. Anahesabiwa. Anaandikwa jina.

Haikutimia hata miezi kumi na moja. Tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, MV Skagit ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Mara hii waziri aliyehusika na usafiri akajiuzulu. Ni jambo zito waziri kujiuzulu, nami nalipa heshima yake. Lakini naliuliza tena swali langu: tulikuwa wangapi ndani? Mara ya pili, wananchi walijifunza idadi kwa kusikia redio, namba ikibadilika kutoka taarifa moja hadi nyengine.

Masheha, nyinyi mna jambo mnaloweza kulifanya bila kusubiri bajeti. Katika shehia yetu tumekubaliana: anayesafiri baharini, nyumba yake inaandika kwenye karatasi jina la chombo, siku, na majina ya wote aliofuatana nao, mpaka mtoto mchanga wa miezi miwili. Mwanzo watu walinung'unika, wakasema sheha anachunguza safari zao. Tukawaeleza kwamba karatasi inabaki nyumbani kwao, haiji kwa sheha ila siku ya haja. Wakaelewa. Leo hata wazee wanaandikisha.

Sasa nije kwenye tahadhari.

Tarehe 26 Disemba 2004, saa kumi alfajiri kwa saa zetu, ardhi ilitikisika chini ya bahari kule Sumatra. Mawimbi ya tsunami yalifika pwani yetu ya Afrika Mashariki mchana. Fikirini. Tangu alfajiri mpaka mchana! Zaidi ya saa nane bahari ilikuwa njiani inakuja, na televisheni zinaonesha yaliyotokea Asia. Kule Kenya wakuu waliamuru watu watolewe ufukweni, na akafa mtu mmoja. Sisi Tanzania tulipoteza watu kadhaa, wakiwemo vijana waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam siku ya mapumziko. Somalia walikufa karibu watu 300, wengi katika vijiji vya wavuvi ambavyo hakuna aliyevifikishia neno. Wimbi lilikuwa lile lile. Neno ndilo lililofika hapa na halikufika pale.

Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa taarifa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Mwezi wa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, tuliambiwa siku kadhaa kabla. Boti za abiria zikasitisha safari. Tarehe 4 Mei kimbunga kikafika Mafia. Hiyo ni kazi nzuri, na inayostahili kusifiwa tuisifu.

Lakini niambieni, ndugu zangu wa Kojani: mtu aliyeko dago, kwenye kambi ya wavuvi mbali na kwao, taarifa ile ilimfikia vipi? Vijana wanakaa wiki, wanakaa mwezi, kwenye fukwe ambazo simu haishiki. Chaji imekwisha siku ya pili. Utabiri wa hali ya hewa ni jambo la Muungano, kukabiliana na maafa si la Muungano, ni letu la Zanzibar. Kwa hiyo neno linatoka kwenye taasisi ya Muungano, linaingia kwenye Kamisheni yetu Unguja, linavuka kuja Pemba, linashuka mkoa, wilaya, shehia. Ngazi zote hizo zinaweza kufanya kazi sawasawa, na neno likakwama mita mia tatu za mwisho, baina ya barza ya sheha na maji.

Kuna diko moja ninalolijua, sitalitaja kwa sababu bwana diko mwenyewe yumo humu na hapendi sifa. Ametundika ubao mweusi kwenye nguzo ya banda la mnada wa samaki. Ubao una safu mbili: waliotoka, waliorudi. Chombo kikitoka, jina la nahodha linaandikwa kwa chaki, na idadi ya mabaharia, na upande waliokwenda. Kikirudi, nahodha mwenyewe anafuta jina lake kwa kiganja. Nilikaa pale magharibi moja nikawatizama. Wanashuka wamelowa, wamechoka, wana samaki wa kugawa, lakini kwanza wanakwenda ubaoni. Jina likibaki baada ya isha, bwana diko anapiga simu. Anajua ampigie nani KMKM, kikosi cha Zanzibar cha ulinzi wa baharini; anayo namba mbili, na ya pili ameiandika kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta isifutike na mvua.

Na siku ya tahadhari anapandisha kitambaa chekundu juu ya mnazi. Kinaonekana mbali, hata kwa asiye na simu. Wanaokwenda dago wanajua kwamba ngalawa ya samaki ikija kuchukua barafu ikakuta kitambaa, inarudi na habari. Gharama ya mpango huo ni ubao, chaki na kitambaa. Hiyo ndiyo kamati ya maafa. Kila diko la Pemba lina uwezo huo.

Hapa nitaje kidogo jambo la zamani, maana vijana wetu hawaambiwi. Mnadhani vimbunga ni habari za Msumbiji na Madagascar? Tarehe 15 Aprili 1872, wakati wa Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana karafuu zikawa zetu. Mikarafuu hii tunayojivunia ina kimbunga ndani ya nasaba yake. Bahari imeshatupa ushahidi, na miaka zaidi ya 150 si mingi mbele ya bahari.

Turudi kwenye siku zetu. Nataka kuzungumza juu ya umeme, na mtaniuliza umeme umeingiaje kwenye maafa.

Tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika Unguja. Waya wa chini ya bahari uliokuwa ukileta umeme kutoka Ras Kiromoni, bara, mpaka Fumba, uliowekwa mwaka 1980, ulipata hitilafu. Watu walidhani ni ya siku moja. Umeme ulirudi Juni 18. Karibu wiki nne kisiwa kizima kiko gizani! Na haukupita hata mwaka na nusu, Disemba 2009, ukakatika tena, mara hii kwa kiasi cha miezi mitatu. Sisi Pemba wakati ule tulikuwa na majenereta yetu ya Wesha. Tulikuwa tunanung'unikia bei ya dizeli na kukatiwa zamu, lakini tulikuwa na taa. Jamaa zetu wa Unguja wakawa wanapiga simu kutuuliza habari huku wameazima chaji.

Umeme ulipokatika, kilichowaumiza zaidi wenzetu kilikuwa maji. Pampu zilisimama. Wanawake waliamka usiku kufuata visima. Friji za chakula, za dawa, za barafu ya wavuvi, zote zikalala. Waya mmoja umepata hitilafu, na mambo kumi juu ya nchi yakaanguka moja baada ya jengine. Na maji yakikosekana, mnajua nani anabisha hodi: kipindupindu.

Tangu Juni 2010 sisi pia tunapata umeme wa waya wa chini ya bahari, kutoka Tanga. Ni neema kubwa, wala sisemi vinginevyo. Ila sasa nasi tunaning'inia kwenye uzi.

Basi nilifanya zoezi. Nilikwenda kwenye kituo kimoja cha afya, nikasema: jaalieni umeme umekatika sasa hivi, na mama anajifungua ndani. Wakaniambia, mwalimu usihofu, jenereta lipo. Na kweli lipo, zuri, limefunikwa turubai. Dizeli ipo? Ipo, madumu mawili. Haya, liwasheni. Wakatizamana. Kufuli. Ufunguo uko wapi? Anao mwenzetu. Mwenzenu yuko wapi? Amekwenda Unguja harusini.

Msicheke. Hakuna mtu mbaya katika kisa hicho. Yule mwenye ufunguo ni mtu mwaminifu, ndiyo maana alipewa yeye. Alikuwa anailinda dizeli isiibiwe. Lakini mpango uliandika "jenereta lipo", na kwenye karatasi ya wilaya kuna alama ya vema mbele ya neno hilo. Nani aliandika jina la mwenye ufunguo? Nani aliandika jina la mwenye ufunguo wa pili? Walichofanya baada ya siku ile ni kuchonga ufunguo mwengine na kuukabidhi kwa muuguzi wa zamu, kwa kutia saini kila zamu inapobadilishana. Ilichukua asubuhi moja na pesa ya fundi.

Sasa jambo zito zaidi kwangu kulisema, kwa sababu wapo humu wenye msiba wake.

Mwezi wa Novemba 2021, hapa Pemba, watu saba walifariki kwa kula nyama ya kasa. Tulizika, tukasikitika, wataalamu wakaeleza kwamba kasa huweza kuwa na sumu, kwamba sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, na kwamba hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Mwezi wa Machi 2024, Kisiwa Panza, wakafariki tisa. Wanane kati yao watoto. Wengine 78 wakalazwa.

Baina ya misiba hiyo miwili ipo miaka miwili na miezi. Elimu ilikuwapo. Tangazo lilitoka. Mwenyezi Mungu awarehemu wote, wala simlaumu mzazi yeyote, maana nyama ya kasa imeliwa visiwani tangu kwa mababu na anayepika anawalisha wanawe kwa mapenzi. Najilaumu mimi na kamati yangu. Baada ya 2021 tulipokea tangazo, tukalisoma mara moja msikitini baada ya sala ya Ijumaa, tukaliweka kwenye faili. Mama aliyekuwa jikoni hakuwapo msikitini. Mtoto aliyekula hakuwapo. Nani yupo? Tulizungumza na waliokuwapo, tukahesabu kwamba tumezungumza na wote.

Na fikirini kisiwa kile. Wagonjwa kadhaa kwa wakati mmoja, wengi watoto, na baina yao na hospitali pana maji. Chombo kinachovuka ni kipi? Kina mafuta? Bamvua au maji mafu? Kama maji yamekupwa, kinashusha wapi? Haya hayawezi kupangwa kutoka ofisini Unguja, wala kutoka Chake. Yanajulikana na watu wa pale pale. Kwa hiyo waandike wao, na wilaya ikubali kuletewa mpango kutoka chini badala ya kuushusha.

Nimalizie na lile neno linalopendwa katika semina: uratibu. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Siku ya maafa Zimamoto wanakuja, KMKM wanakuja, polisi, Msalaba Mwekundu, wizara ya afya, wanakuja na vijana wa mtaa. Wote wana nia njema, na kila mmoja ana kiongozi wake. Wakifika kijijini watamtafuta mtu mmoja tu, ambaye hana sare wala king'ora. Watauliza, "Sheha yuko wapi?" Kwa nini? Kwa sababu wao wanajua kuzima, kuzamia na kutibu, lakini hawajui nyumba ipi ina mzee asiyeweza kutembea. Hawajui nani ana mtoto kiziwi ambaye hatasikia akiitwa. Hawajui kisima kipi ni cha chumvi. Wewe sheha ndiye unayewaunganisha, kwa daftari lako. Ukiwa nalo kamili, watafanya kazi pamoja. Usipokuwa nalo, watapishana njiani.

Daftari hili langu lina kurasa tano tu za maana. Ukurasa wa kwanza ni nyumba na idadi ya watu, watoto wachanga wakiwemo. Wa pili ni wasioweza kutoka wenyewe: wazee, wagonjwa, wenye ulemavu, waja wazito, na mbele ya kila jina pana jina la jirani mwenye jukumu la kumtoa, ambaye mwenyewe amekubali. Wa tatu ni vyombo na manahodha. Wa nne ni funguo: skuli, kituo cha afya, pampu, ghala. Wa tano ni namba za simu, mbili kwa kila mtu, na njia ya kumfikia kama simu hazishiki. Kila baada ya miezi mitatu tunapita nyumba hadi nyumba, kwa sababu watu huzaliwa, huhama, na hufa. Na nakala moja inakaa kwa mtu mwengine, nyumba ya juu ya mlima, ndani ya mfuko wa nailoni.

Nimewaletea daftari tupu, moja kwa kila shehia, na kalamu ziko pale mezani. Ninaomba kabla hatujala, kila kamati ikae pamoja ijaze ukurasa wa pili. Ule wa wasioweza kutoka wenyewe. Majina mnayoyajua sasa hivi kwa kichwa, na jirani wa kila mmoja. Mliobaki na mstari mtupu mbele ya jina, msiufunike. Njooni nao hapa mbele tuuzungumze. Micheweni, anzeni nyinyi, mna safari ndefu ya kurudi. Mama zangu, ninyi ndio mnaowajua waja wazito, msiwaachie wanaume kuandika peke yao.

Ahsanteni. Karibuni mezani.